Tetemeko Linatoa Watu, Utalii Unarudisha Kuta

Jamani habari za saa hizi, asanteni sana kwa kufika, na wazee wetu mliokaa hapo mbele shikamooni. Mada niliyopewa ni ndefu, nyumba za asili za visiwani zinabadilikaje baada ya majanga na baada ya utalii, ila mimi naomba niibane iwe swali moja tu: kisiwa kikishapigwa na tetemeko, alafu baadae watalii wakaja, ile nyumba ya zamani mnayoiona imesimama pale bado ni ile nyumba? Jibu langu nalisema mapema kabisa ili mpate muda wa kunibishia. Umbo linabaki, kazi ya nyumba inaondoka. Na ile kazi ndo ilikuwa ufundi wenyewe.

Kabla sijaenda mbali tukubaliane jambo kuhusu visiwa. Fundi wa kisiwani anajenga na kilichopo chini ya miguu yake kwa sababu kingine chochote kinakuja kwa chombo, na chombo ni hela, na kuna msimu chombo hakiji kabisa. Mbao haitoshi, maji hayatoshi, ardhi ya kulima ni kidogo mtu hataki kuila kwa kujenga. Hapo ndo zinazaliwa hizi nyumba tunazozipiga picha leo, hakuna mtu alikaa akachora ili zipendeze.

Chukua Santorini, kule Ugiriki. Naanza nayo kwa sababu kila mtu hapa ameiona hata kama hajui jina lake, zile nyumba nyeupe zimening'inia juu ya bahari, kila kalenda, kila tangazo la fungate. Ile ni volkeno, kisiwa chenyewe ni ukingo uliobaki baada ya mlima kulipuka na kuporomoka, huo mlipuko mkubwa ulitokea kama miaka 3,600 iliyopita, ukaacha tabaka nene la majivu yaliyoshikana. Sasa hayo majivu yana tabia mbili ambazo ndo zimejenga kisiwa kizima. Ya kwanza, yanachimbika kwa zana za mkono na shimo linasimama bila nguzo. Ya pili, ukiyachanganya na chokaa unapata kitu kinachoganda kikawa kama jiwe, hata ndani ya maji kinaganda, na udongo huo ulikuwa unachimbwa na kupakiwa melini kupelekwa nje, hata ujenzi wa mfereji wa Suez ulitumia udongo wa Santorini. Kwahiyo watu wa pale, miti hawana, lakini wana udongo unaoweza kubeba dari peke yake. Wakaacha habari ya boriti, wakajenga dari za tao refu, kama pipa lililokatwa katikati likalazwa, mawe ya volkeno na udongo wa majivu na chokaa, basi.

Na maskini zaidi, mabaharia na vibarua, hao walichimba tu. Naomba hapa nikae kidogo maana hapa ndo penye utamu. Nyumba ya kuchimbwa ya Santorini ina uso mwembamba na mwili mrefu unaoingia ndani ya genge. Mbele kuna mlango katikati, dirisha kushoto, dirisha kulia, na kidirisha kingine juu ya mlango, na hiyo ndo sehemu pekee ya nyumba nzima inayoona jua. Sebule inakaa mbele, chumba cha kulala kinakaa nyuma gizani, sasa mwanga utafikaje huko nyuma? Ule ukuta unaotenganisha sebule na chumba wakaujenga sawasawa na ukuta wa nje, mlango katikati, dirisha huku na huku, kidirisha juu, ili mwanga na hewa vipite sebuleni viende mpaka kwenye kitanda. Ukisimama nje ukatazama ndani unaona uso wa nyumba ndani ya uso wa nyumba. Aliyetatua hilo hajasoma chuo chochote cha usanifu, na miaka hiyo umeme hakuna.

Alafu maji. Santorini mito hakuna, chemchemi ni kama hakuna, mvua ni ya miezi michache. Kwahiyo paa ni chombo cha kukusanya mvua, lile tao limepakwa chokaa safi, maji yanateleza yanaingia mfereji mdogo yanashuka kwenye birika, yaani tangi la maji lililochimbwa chini ya ua. Ile chokaa nyeupe mnayoipenda ilikuwa inafanya kazi, inarudisha joto la jua, inasaidia kuweka maji safi, inaziba nyufa ndogo ndogo kila mwaka inapopakwa upya. Na kwa vile nyumba zimepangwa kwenye genge moja juu ya nyingine, paa la mmoja ni ua wa mwingine, huwezi kufanya fujo juu bila jirani wa chini kujua, uangalizi wa nyumba ulikuwa ni wa mtaa mzima. Matajiri, manahodha wa kijiji cha Oia enzi za meli za tanga, wao walijenga juu kabisa ya ukingo, nyumba za ghorofa zenye rangi, nyingine rangi ya udongo, nyingine nyekundu. Hiyo weupe kila mahali mnayoiona leo ni sura iliyosawazishwa baadae.

Sasa tetemeko. Tarehe 9 Julai 1956, alfajiri, kama saa kumi na moja na dakika kumi, ardhi ilitikisika karibu na kisiwa cha Amorgos, ukubwa zaidi ya 7, na dakika chache tu baadae likapiga jingine kubwa, na tsunami juu yake. Watu 53 walikufa, wengi wao Santorini. Mamia ya nyumba yalianguka kabisa na zaidi ya elfu nyingine zikaharibika vibaya, na waliopigwa zaidi ni wale wa ukingoni, Oia na Fira. Ila naomba mkumbuke Oia ilikuwa imeshaanza kufa kabla ya siku hiyo, meli za mvuke zilishaua biashara ya manahodha, vijana walikuwa wanaondoka kwenda Piraeus na Athens, tetemeko lilikuta nyumba ambazo nyingine hazina mtu wa kuzipaka chokaa. Hili narudia kila ninapopata nafasi kwa sababu tunapenda kuisimulia kama vile kisiwa kilikuwa kizima kikavunjwa asubuhi moja. Nyumba ya majivu na chokaa bila mtu wa kuihudumia inaanza kuanguka yenyewe taratibu, tetemeko linamaliza.

Serikali ya Ugiriki ikaleta timu ya wasanifu, ikiongozwa na msanifu anaitwa Konstantinos Dekavallas, na mimi hawa watu nawaheshimu sana. Wangeweza kuleta masanduku ya zege ya kufanana nchi nzima, ilikuwa rahisi zaidi, watu wako kwenye mahema, kila mtu anataka haraka. Wao wakachora nyumba ndogo ndogo zenye dari za tao, wakafuata namna kisiwa kilivyozoea kujenga, wakajenga mitaa mipya. Lakini hata hivyo jambo moja lilibadilika moja kwa moja, watu walihamishwa kutoka ukingoni. Kijiji cha Mesa Gonia kiliachwa karibu chote, watu wakashuka kwenda Kamari, pwani, upande wa pili wa kisiwa. Pale Oia nyumba zikabaki magofu miaka na miaka, milango wazi, bei ya gofu ilikuwa si kitu.

Hapa sasa ndo penye fundo. Tetemeko lilitenganisha nyumba na watu wake. Ukuta ukabaki kule juu, familia ikaenda kule chini, au Athens. Kuanzia hapo nyumba ya ukingoni haikuwa tena na mtu wa kusema hapana.

Miaka ya 70 shirika la utalii la taifa kule Ugiriki likaanzisha mpango wa kukarabati vijiji vya asili, Oia ikiwemo, na vijiji vingine kama Mesta kule Chios na Vathia kule Mani. Utaratibu ulikuwa mwenye gofu analikabidhi kwa shirika kwa miaka kadhaa, shirika linakarabati, linaiendesha kama nyumba ya wageni, alafu linamrudishia mwenyewe. Ukiangalia kwa makini, wazo lilikuwa zuri na kazi ilifanywa kwa heshima, mafundi wa pale pale, chokaa, umbo halikuguswa. Bila huo mpango nadhani Oia ingekuwa rundo la kifusi leo, hilo nalisema wazi na sitaki mtu aondoke hapa akisema nilisimama kuutukana utalii. Utalii ndo uliorudisha zile kuta.

Ila tazameni mantiki yake. Nyumba iliokolewa kwa kupewa kazi mpya, ya kulaza wageni, na kazi hiyo mpya ina mahitaji yake. Mgeni anataka bafu ndani, anataka maji saa zote, anataka kiyoyozi hata kama pango lenyewe lina ubaridi wake, anataka kukaa nje kutazama jua linazama, na siku hizi anataka bwawa lake mwenyewe, dogo, mbele ya mlango. Kwahiyo ule ua ambao ulikuwa paa la jirani na mdomo wa birika unageuka bwawa la kuogelea. Birika lenyewe halina kazi tena, maji yanatoka kwenye mitambo ya kuondoa chumvi ya bahari au kwa malori, basi birika linageuzwa chumba, au spa. Ukuta wa ndani ule wenye madirisha ya kupitisha mwanga unavunjwa ili suti, yaani chumba cha kifahari cha hoteli, ionekane kubwa kwenye picha. Chokaa inaachwa, inapakwa rangi ya plastiki ya dukani maana haichafui nguo za wageni na haihitaji kurudiwa kila mwaka. Ukisimama ngambo ukapiga picha hakuna kilichobadilika, nyumba nyeupe, kuba la buluu, genge. Ukiingia ndani hakuna kilichobaki.

Na kisiwa chenye wakazi kama 15,500 kinapokea wageni zaidi ya milioni 3 kwa mwaka, kimefika mahali wameweka kikomo cha abiria 8,000 wa meli za kitalii kwa siku, na meya wao Nikos Zorzos amekuwa akisema hadharani kwamba kisiwa kimejaa, hawahitaji vitanda vingine. Mwalimu anayepangiwa kazi pale anahangaika kupata chumba. Sasa hebu niambieni, kwenye kijiji ambacho mwalimu hapati chumba, nani atakuwa jirani wa kusikia ukuta unalia?

Nisiwachoshe na kisiwa kimoja. Tubaki Ugiriki kidogo lakini twende upande wa magharibi, visiwa vya Ionia. Agosti 1953 matetemeko yalifuatana, la tarehe 12 ndo lililokuwa kubwa zaidi, yakasawazisha kisiwa cha Kefalonia karibu chote. Miji ya mawe ya enzi za utawala wa Venice ilikwisha. Kaskazini kabisa kuna kijiji cha bandari kinaitwa Fiskardo, hicho kilisalimika karibu peke yake. Kefalonia nyingine ikajengwa upya kwa zege na nondo, nyumba za kawaida tu, na watalii wanaenda wapi? Fiskardo. Kijiji kilichobahatika kuwa upande sahihi wa kisiwa mwaka 1953 ndo leo kinaitwa Kefalonia halisi kwenye vipeperushi. Lakini mwaka 2014, Januari na Februari, Kefalonia ilipigwa tena na matetemeko mawili ya ukubwa wa karibu 6, na zile nyumba za kawaida za zege, zisizopigwa picha na mtu, zilisimama. Baada ya 1953 Ugiriki ilitunga kanuni za ujenzi wa kuhimili tetemeko, zilitoka 1959, na zikafuatwa. Mimi hizo nyumba naziona nzuri. Familia zilijengewa, familia zimo ndani, na paa halikuwaangukia.

Kuna watu wakisikia hivyo wanasema basi kumbe ya zamani ni hatari, vunja yote weka zege. Ngojeni, jirani kabisa na Kefalonia kuna Lefkada. Kule mafundi walipata namna yao tangu zamani, na Waingereza walipokuwa wanatawala visiwa vile, baada ya tetemeko la 1825 wakaifanya kuwa kanuni. Chini nyumba ni ya mawe, juu ni fremu ya mbao nyepesi. Uhodari uko hapa: ndani ya ile sehemu ya chini, pembeni ya ukuta wa mawe, wanasimamisha nguzo za mbao zinazoshika ghorofa ya juu. Siku za kawaida ukuta wa mawe ndo unabeba. Siku ya tetemeko ukuta wa mawe ukipasuka ukaanguka, nguzo zinapokea mzigo, ghorofa inabaki hewani, watu wanatoka, alafu kesho fundi anakuja anajenga ukuta upya chini ya nyumba iliyosimama. Yaani fundi alishakubali kwamba ukuta utaanguka, akapanga nini kifuate. Tetemeko la Agosti 2003, ukubwa wa 6 na pointi kidogo, lilizipima tena na nyingi zilisimama. Sasa mwenye duka chini akitaka nafasi kubwa ya kupanga bidhaa, kitu cha kwanza kukiondoa ni zile nguzo, maana ukiziangalia siku ya kawaida hazibebi kitu. Hakuna anayeona hasara mpaka siku ile.

Na hili la nguzo linanipeleka mbali kabisa, kisiwa cha Nias, Indonesia. Tarehe 28 Machi 2005, miezi mitatu tu baada ya ile tsunami kubwa ya Bahari ya Hindi ya Desemba 2004, tetemeko la 8.6 liliua mamia ya watu Nias, na katika mji wa Gunungsitoli majengo ya zege ya ghorofa mbili tatu ndo yaliyolalia watu. Nyumba za asili za Nias nyingi zilibaki. Nguzo zake hazijafukiwa ardhini, zimekaa juu ya mawe, ardhi ikienda huku nyumba inaweza kuteleza kidogo isivunjike. Katikati ya nguzo zilizosimama kuna nguzo za kulala upande, zimekutana kama herufi V, hizo zinazuia nyumba isipinde. Viungo vyake vimechongwa vikaingiliana bila misumari, vinacheza vinarudi. Paa refu mno la majani, lina vibao vya kufungua juu vya kupitisha hewa na mwanga. Nyumba ya chifu kule Bawömataluo ni jumba kubwa la mbao ambalo ukisimama chini yake shingo inauma.

Misaada ikaja, na serikali iliunda chombo maalum cha kuujenga upya mkoa wa Aceh, uliopigwa na ile tsunami, pamoja na Nias. Kipimo cha nyumba ya msaada kilikuwa mita za mraba 36. Jamani, mita 36, kwa watu ambao nyumba yao ilikuwa ya ukoo, babu, watoto, wajukuu, sherehe, misiba, vyote mle ndani. Nawaelewa waliopanga, wana maelfu ya familia, bajeti ina mwisho, mfadhili anataka kuhesabu nyumba na nyumba ya kuhesabika ni ya tofali na bati. Ila fedha zile zilimwambia mtu wa Nias kwamba nyumba ni hii, ile ya babu yako ni makumbusho. Nyumba za asili zilizosimama zilihitaji mbao ngumu za kubadilisha nguzo, na mbao hizo zimekuwa ghali na adimu, majani ya paa nayo ni kazi ya watu wengi, kwahiyo wenye nyumba wakaweka bati. Ukiweka bati kwenye lile paa refu ndani panakuwa tanuri, mvua ikinyesha hamsikilizani, watu wanahama kulala kwenye nyumba ya tofali waliyoiongeza nyuma, na ile kubwa inabaki mbele kwa ajili ya wageni wanaokuja kuangalia vijana wanaruka juu ya jiwe refu, mchezo wa asili wa Nias. Mnaona? Kisiwa kingine kabisa, mbao badala ya majivu, na mwisho umefanana na ule wa Oia.

Nataka niseme kidogo habari ya chokaa na saruji maana hapa ndo majengo mengi yanapofia kimya kimya, bila tetemeko lolote. Ukuta wa zamani wa mawe na chokaa unapumua, unyevu unaingia na kutoka, ndivyo ulivyokusudiwa. Ukiupiga plasta ya saruji juu kwa sababu ni ngumu na inakauka haraka, unyevu unakwama ndani, unapanda, chumvi inafanya kazi yake, ile plasta inabaki nzuri kwa nje na ndani ukuta unageuka unga. Visiwa vyetu vya matumbawe vinalijua hili. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, Lamu 2001, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, iliporomoka likiwa kwenye ukarabati, watu wawili wakafa. Ardhi haikutikisika siku ile. Na kila nyumba ya matumbawe inayogeuzwa hoteli inaongezewa mabafu ghorofa zote, mabomba ndani ya kuta, matangi ya maji juu ya dari la boriti ambalo lilipigiwa hesabu ya watu kulala na kuanika nguo. Bomba linalovuja taratibu ni janga, ila halina jina wala tarehe kwahiyo hakuna mfadhili anayekuja.

Mtu ataniuliza, kuna kisiwa chochote kilichofanya vizuri? Lanzarote, kwenye visiwa vya Canary vya Hispania, wamekaribia. Volkeno ililipuka kuanzia 1730 mpaka 1736, ikafunika vijiji na mashamba, na wakulima wakagundua kwamba yale majivu meusi yanashika unyevu wa usiku, wakachimba mashimo, wakapanda mzabibu mmoja mmoja ndani ya shimo na kiukuta cha mawe cha kukinga upepo, eneo la La Geria mpaka leo liko hivyo. Utalii ulipobisha hodi miaka ya 60, msanii wa pale, César Manrique, aliwabana wakubwa wa kisiwa waweke masharti kabla mahoteli hayajajaa: nyumba ziwe fupi, kuta nyeupe, mbao zake zipakwe rangi za pale pale, mabango ya barabarani yasiwepo. Nyumba yake mwenyewe aliijenga juu ya mapovu ya lava iliyoganda, sebule ziko ndani ya mapango ya moto uliopoa. Jengo refu la maana kwenye kisiwa ni moja, hoteli iliyoko Arrecife, mji mkuu wa kisiwa, na watu bado wanalinyooshea kidole. Manrique naye miaka ya 80 alikuwa anapiga kelele kwamba ujenzi umezidi, masharti ya sura yanafuatwa ila idadi haina breki, akafa kwa ajali ya gari 1992 akiwa bado anapiga kelele. Nampenda kwa sababu mbili, alidai masharti kabla ya watalii, na hakudanganyika kwamba masharti ya rangi yanatosha.

Kwahiyo mnaponiuliza nini kifanyike, mimi naenda kwenye vitu vya chini kabisa. Janga likitokea, ile miaka miwili mitatu ya mwanzo ndo inaamua, maana hapo ndo inaamuliwa nani anarudi kwenye kiwanja chake na nani anapewa kingine mbali. Hela ya ukarabati ikipatikana, iwekwe na fungu la fundi na mwanafunzi wake, kwa mkataba, miaka, kwa sababu mtu anayejua kuchanganya chokaa na majivu au kuchonga kiungo cha Nias akifa bila mwanafunzi hakuna ramani itakayomrudisha. Nyumba ya asili ikigeuzwa hoteli, kibali kisiangalie rangi ya mlango tu, kiulize maji yanaingia wapi, yanatokea wapi, uzito gani umeongezwa juu, ukuta gani umetolewa. Na kila mtaa wa zamani ubaki na sehemu ya nyumba ambazo haziruhusiwi kulaza wageni, za wakazi, kwa sheria, hata kama wenye nyumba watanuna. Najua hili la mwisho ni gumu, hata hapa ndani kuna watu wamekunja uso na nawaelewa, nyumba ya urithi ikipangishwa kwa wageni inasomesha watoto. Lakini mtaa usio na mtu wa kulala mwezi wa kwanza hauna mtu wa kuona ufa mwezi wa kwanza.

Na haya si mambo ya historia. Mwanzoni mwa mwaka 2025 bahari kati ya Santorini na Amorgos, eneo lile lile la 1956, ilianza kutetemeka tena, maelfu ya mitetemo ndani ya wiki chache, mmoja baada ya mwingine bila kupumzika, mkubwa kuliko yote ulikuwa 5.3 tarehe 10 Februari. Watu zaidi ya 11,000 waliondoka kwa meli na ndege, shule zikafungwa. Wakuu wakatoa maagizo, msikae karibu na genge, msiende bandari ya zamani, msikusanyike ndani kwa wingi, na agizo jingine lililonishika zaidi: mwageni maji kwenye mabwawa ya kuogelea. Maana maji yakianza kuyumba ndani ya bwawa yanasukuma jengo, na yale mabwawa yako juu ya vyumba, na vyumba viko juu ya vyumba, ndani ya genge la majivu. Safari hii kisiwa kilisalimika. Ila genge lile limechimbwa upya miaka hamsini mfululizo, mabirika yamegeuzwa vyumba, kuta za ndani zimetolewa, na kila mwenye suti anajua shimo lake mwenyewe. Mimi ningependa kujua kama kuna mtu, ofisi yoyote, ana ramani moja inayoonyesha mashimo yote yale kwa pamoja, nani yuko juu ya nani. Kama kuna mtu hapa amefanya kazi ya namna hiyo kwenye kisiwa chochote, naomba tuanze maswali na yeye, maiki hiyo hapo.